Chembe za Bluu katika Dagaa wa Mastura

Mnunuzi wa dagaa akifika Kigombe hatazami kwanza. Huchota kidogo kwa ncha za vidole, akatupa dagaa mmoja mdomoni na kumtafuna kwa meno ya mbele, taratibu, uso ameuelekeza kwingine kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Anachosikiliza ni mchanga. Meno yakilia, mzigo umeshuka daraja. Yasipolia, mazungumzo yanaendelea. Rangi, harufu na chumvi huja baadaye.

Kila pwani ina namna yake ya kuutambua uchafu. Kuna masoko ya samaki wanakohukumu kwa pua, na mengine wanakohesabu nzi. Kigombe uchafu ni kitu kinacholia menoni, na dagaa wa Mastura, kwa miaka kumi na moja, hawakuwahi kulia.

Mastura alizaliwa Mwera, upande wa Pangani, kwa watu wa minazi na mihogo. Aliolewa Kigombe na Nasri, fundi wa injini za boti, akiwa hajui hata dagaa huchemshwa kwa muda gani. Wifi yake ndiye aliyemfundisha: maji ya chumvi yatokote, tenga lizamishwe, litolewe mara macho ya dagaa yanapogeuka meupe, maji yachuruzike, kisha mchangani. Siku hizo kila mtu alianika mchangani. Miaka kumi na moja iliyopita, mnunuzi mmoja kutoka Lushoto alimtafuna dagaa wake mbele za watu, akamtema, akasema, "Mama, hawa nikawauzie waashi." Wanawake walicheka. Mastura naye alicheka, maana mtu akikasirika huongezewa. Wiki iliyofuata alianika juu ya turubai la bluu lililokwisha kazi yake kwenye lori.

La sasa ni la tatu, na lina mwaka wa nne. Kabla boti hazijaingia hulimwagia maji na sabuni, akalisugua kwa brashi ya kufulia yenye meno magumu, akaliacha likauke, kisha akalisugua tena kavu. Wenzake hukung'uta yao. Yeye husugua. Mmoja baada ya mwingine waliacha mchanga na kumfuata, mpaka akabaki Tausi peke yake, jirani yake wa upande wa kaskazini, mwanamke wa mzaha na sauti kubwa. Alipoulizwa kwa nini haaniki juu ya turubai, Tausi alijibu kwamba mchanga hautoboki.

Jina la usafi lilimpa Mastura kazi ambayo hakuiomba. Bertha, Msambaa wa Kilutheri anayeishi Makorora, Tanga mjini, husaga unga wa lishe: mahindi, mtama, karanga na dagaa. Unga huo hununuliwa na akina mama wenye watoto wanaoanza kula. Bertha huchukua dagaa kwa wanawake sita wa Kigombe, na kwa kuwa hana muda wa kutafuna viroba vyote, alimwachia Mastura akague. Kiroba kilichopita mkononi mwa Mastura kilipakiwa bila kufunguliwa. Cha Tausi kilichekechwa mara mbili, kisha kikapakiwa kwa manung'uniko. Mtu akitaka kujua Mastura ni nani pale kijijini, hilo ndilo jibu: yule ambaye neno lake linatosha.

Mwezi wa nne alikuja msichana kutoka chuoni, jina lake Praxeda, amebeba kisanduku cha chupa za kioo zenye vifuniko vya bati.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu," walijibu bila kuacha kazi.

Aliwaeleza alichokitafuta. Plastiki ikikaa baharini haiozi, alisema, inasagika. Inakuwa chembe ndogo kuliko chumvi, samaki anaila akidhani chakula. Samaki mkubwa mtu humtumbua, utumbo ukatupwa. Dagaa huliwa mzima, kichwa, tumbo na vilivyomo. Ndiyo maana alitaka dagaa, na wale waliokwisha kukauka, vilevile wanavyokwenda sokoni.

"Basi leo dagaa wanakwenda chuo kikuu," alisema Tausi. "Sisi tuliowachemsha tuliishia darasa la saba."

"Wakifaulu watatuajiri," alisema Mwanamkasi, mke wa mwenye boti, na wote wakaangua kicheko.

Praxeda aliandika namba juu ya chupa badala ya majina, ili asiaibishwe mtu. Majina aliyaweka kwenye daftari lake. Aliwaomba wasizitazame namba, na wengi hawakuzitazama, kwani walikuwa na moto chini ya sufuria. Chupa ya Tausi aliijaza mwenyewe, Tausi akiwa jikoni. Lakini alipofika kwa Mastura, mikono ya msichana ilikuwa imejaa, akamwomba amshikie chupa huku akiandika. Mastura aliiona kalamu ikichora nne.

Majibu yalirudi mwezi wa nane. Praxeda aliwakusanya kwenye banda la mnada saa moja asubuhi, boti zikiwa bado hazijaonekana. Bertha alikuwepo pia, amekuja na pikapu yake kuchukua viroba vya mwezi, na aliposikia kuna majibu ya dagaa alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia.

Habari ya kwanza ilikuwa ya wote. Chupa zote sita zilikuwa na plastiki, nyingi yake matumboni mwa dagaa, nyuzi laini kama za kamba iliyochanika. Hiyo imetoka baharini, alisema Praxeda, na hakuna mwanika samaki anayeweza kuizuia peke yake.

"Inaua?" aliuliza Mwanamkasi.

"Sijui, mama."

"Si umesoma?"

"Nimesoma ndiyo maana nasema sijui. Wataalamu wanaendelea kuchunguza inamfanya nini mtu. Nikiwaambia inaua nitakuwa mwongo, na nikiwaambia haidhuru nitakuwa mwongo pia."

Wanawake walikuwa wamezoea majibu ya namna hiyo. Kisha Praxeda alitoa karatasi yenye picha. Chupa namba nne, alisema, ilikuwa tofauti. Ndani ya tumbo la dagaa ilifanana na wenzake, lakini juu ya ngozi, machoni na kwenye mapezi kulikuwa na vipande vidogo, bapa, vya rangi ya bluu iliyopauka. Chupa nyingine zilikuwa navyo viwili vitatu. Hii ilikuwa navyo zaidi ya mia mbili, na dagaa waliopimwa ni kiganja kimoja tu. Hivi havikutoka baharini. Viliingia nchi kavu, baada ya kuchemshwa.

Karatasi ilipita mikononi. Katika picha iliyokuzwa vile vipande vilikuwa vikubwa kama magamba ya chewa.

Bertha ndiye aliyezungumza. Si mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake cha milimani hakina mapambo. "Unga wangu unaliwa na mtoto wa miezi saba," alisema. "Ya baharini siwezi kugombana nayo. Hii ya nchi kavu naweza. Watano nitaendelea nao. Namba nne simchukulii tena. Ni nani?"

"Siwezi kutaja, mama," alisema Praxeda. "Tulikubaliana."

"Basi ajitaje."

Hakuna aliyejitaja. Macho, bila mtu kuyaamuru, yalikwenda kwa Tausi.

"Mnanitazama nini? Nimeota pembe?"

"Da Tausi," alisema Mwanamkasi kwa upole wa mtu aliyekwisha kuhukumu, "maji makuu yakija, taka zote za mji zinalala kwako. Chupa, mifuko, kandambili. Na wewe unaanika papo hapo."

"Naziokota kwanza."

"Unaokota kubwa. Ndogo je?"

"Kandambili za bluu Kigombe nzima navaa mimi tu? Hebu inua mguu wako tuone!"

Walicheka, ila kicheko hakikumsaidia. Tausi aliona hivyo, na sauti yake ikashuka. "Namba yangu siijui, wallahi. Chupa alijaza huyu mtoto, mimi niko jikoni na moshi wangu. Ikiwa ni nne ni nne. Ila kuninyang'anya Bertha ni kunifungia jiko."

Bertha hakumtazama. Aligeukia upande wa pili wa banda. "Mama Sabra," alimwambia Mastura, ambaye binti yake mkubwa anaitwa Sabra, "wewe ndiye jicho langu hapa. Unaonaje?"

Mastura angeweza kusema neno moja, na lingepokewa. Angeweza pia kunyamaza, na ukimya wake ungetosha kabisa. Alisema, "Nipeni dakika," akatoka.

Turubai lilikuwa limetandazwa mahali pake, limeshasuguliwa mara ya kwanza, linakauka. Aliinama akalipangusa kwa kona ya leso nyeupe. Kona ilitoka bluu. Akajaribu mahali pengine, kisha pengine. Kwenye makunjo, jua la miaka minne lilikuwa limekula kile kitambaa mpaka nyuzi zake zikawa kama karatasi kavu, na palipopita brashi zaidi ndipo palipopauka zaidi. Aliichukua brashi, akaigonga kiganjani. Kiganja kilijaa unga wa bluu.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuuona. Maji aliyokuwa akiyamwaga kila asubuhi yalikuwa na bluu kwa zaidi ya mwaka. Alidhani ni rangi inachuja, kama leso mpya inavyochuja maji ya kwanza na ya pili, na mtu akizidi kufua ndivyo inavyotulia. Kwa hiyo alikuwa amezidisha kusugua.

Alisimama hapo muda wa kutosha kuchemsha chai. Kutoka bandani alikuwa akiisikia sauti ya Tausi, si maneno yake. Kulikuwa na mambo mawili mbele yake, na yote yalikuwa mepesi kufanya: kulikunja turubai na kunyamaza, au kurudi na brashi. Alirudi na brashi.

"Namba nne ni mimi," alisema.

Hawakumwamini. Hilo ndilo jambo ambalo hakulitazamia. Mwanamkasi alitikisa kichwa kwa huruma. "Usimbebee mwenzio, Mama Sabra. Wema una mahali pake."

"Simbebei mtu. Nilishika chupa mwenyewe, nikaona akiandika."

"Uliona vibaya. Dagaa wako? Astaghfirullah. Dagaa wako hata mgonjwa aliyetoka kwenye homa kali anakula."

"Mwacheni aseme," alisema Tausi, kwa mara ya kwanza bila mzaha.

Mastura aliomba karatasi safi. Praxeda alimpa moja kutoka nyuma ya daftari. Aliiweka juu ya meza ya mnada, akaigonga brashi juu yake mara tatu, na kuwaita. Walisogea mmoja mmoja. Juu ya karatasi nyeupe vile vipande vilikuwa vinaonekana kwa jicho, bapa, vilivyopauka, kama vilivyokuwa pichani ila vidogo. Praxeda alilifunua daftari lake, akatazama ukurasa, akalifunga. Kila mtu alielewa.

Kelele zilizofuata hazikuwa zile ambazo Mastura alikuwa amejiandaa nazo. Hakuna aliyemcheka.

"Kwa hiyo maturubai yetu sote," alisema Mwanamkasi.

"La kwangu jipya," alisema mwingine.

"Litazeeka. Si jua ni lile lile?"

"Wewe ndiye uliyetuambia! Tuliacha mchanga kwa ajili yako. Umekuja na turubai, ukatuita wachafu miaka yote, leo unakuja na brashi?"

"Sikuwaita wachafu."

"Ulikuwa unatutazama!"

Hilo lilikuwa kweli. Mastura alieleza tu alichokifahamu dakika chache kabla: turubai likichoka litupwe, lisisuguliwe kwa brashi, na kama kuna njia ya kuliacha kabisa waliache. Walimsikiliza kwa nyuso zilizokunjamana. Mtu aliyekosea peke yake husamehewa upesi. Aliyekosea na watu wakamfuata hana bahati hiyo.

Bertha alisimama, akairudisha ndoo mahali pake. "Nashukuru umesema," alisema. "Lakini neno langu ni lile nililolisema. Namba nne simchukulii. Na kukagua, kuanzia leo nitakagua mwenyewe."

"Sawa," alisema Mastura.

"Na mimi?" aliuliza Tausi.

"Wewe nitakuchekecha kama siku zote."

Boti ziliingia saa nne, zimejaa. Dagaa hawajui mikutano. Mtu akichelewa nao saa mbili juani wamekwisha kupasuka matumbo. Wanawake walitawanyika kwenye sufuria zao, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuanikia, siku hiyo walianika juu ya maturubai kama jana. Mwanamkasi alilipangusa lake kwa leso kwanza, akaitazama ile leso, akaitia kwapani asiseme alichokiona. Mastura alinunua matenga manne kama kawaida yake. Wengine walisema baadaye kwamba alifanya kiburi, kwamba angepumzika siku moja. Alichemsha matenga yote manne, akayatoa, akayaacha yachuruzike, kisha akaenda nyumbani kumtafuta mumewe.

Nasri alikuwa kwenye kivuli chembamba cha paa, mapistoni yamemzunguka.

"Nifungulie milango," alimwambia.

"Iko wazi."

"Nifungulie bawaba. Naitaka milango yenyewe."

Nasri aliweka pistoni chini. Wameoana miaka ishirini na sita, na amejifunza kuuliza swali moja tu. "Yote?"

"Ya ndani. Wa mbele uache."

"Wa mbele ndio mkubwa."

"Umepakwa rangi."

Alileta bisibisi. Milango mitatu ya vyumba ilikuwa ya mvule mtupu, ya zamani, iliyoachwa na baba yake Nasri, haijawahi kuguswa na rangi wala vanishi. Waliibeba mmoja mmoja mpaka pwani, wakaiweka juu ya mawe na magogo, imeinama kidogo ili maji yashuke. Haikutosha. Wakarudi kuchukua meza ya chakula, mbao za kitanda cha wageni, na sinia kubwa la mti la kupepetea ambalo Nasri alisema ni la mamake na lisije likanuka samaki. Likanuka samaki. Kufikia adhuhuri matenga matatu yalikuwa yameanikwa, na la nne lilikwenda kwa wafugaji wa kuku kabla halijaharibika. Wapita njia wa Kigombe waliweza kuona kutoka barabarani mpaka chumba cha kulala cha Mastura: chandarua kilichofungwa fundo, sanduku la nguo, koti la Nasri kwenye msumari.

Mbao hukausha polepole. Dagaa wa turubai hugeuzwa mara tatu kwa siku. Hawa walitaka kugeuzwa kila baada ya muda mfupi, tena kwa vidole, maana ufagio ungewavunja. Alikuwa katika kazi hiyo alasiri Tausi alipopita na karai kichwani. Alisimama. Aliitazama milango, akaitazama meza, akahesabu mbao za kitanda.

"Mwenzangu," alisema, "leo mkigombana mtafungiana wapi?"

"Hatugombani."

"Mgeni akija?"

"Atalala kwako."

Tausi alishusha karai. Hakuomba radhi kwa jambo lolote, na hakuombwa radhi pia; Mastura alikuwa ameanza kusema kitu kuhusu asubuhi, kuhusu ule ukimya wake wa mwanzo, na Tausi alimkata kwa mkono kama anayefukuza nzi. Aliinama juu ya mlango wa kwanza, akagusa dagaa wa pembeni, akampindua.

"Chini bado wabichi."

"Najua."

"Utalala hapa leo."

"Nitawafunika na kulala kwangu. Kesho wataendelea."

"Na Bertha?"

"Bertha kasema alichosema."

Tausi alitazama upande wa nyumba, ambako Nasri alikuwa amerudi kwenye injini yake huku nyuma yake kila chumba kikionekana. Alihesabu tena, midomo ikichezacheza.

"Mbona wa choo mmeuacha?"

"Una rangi," alisema Mastura, akahamia upande wa pili wa mlango, akaendelea kugeuza.